Mbavu za Nje

Yasinta hakuniamkia. Nilishuka kwenye lori la mizigo pale Lukuledi, nikajitwika kikapu changu cha makopa ya muhogo, nikatembea mpaka uani kwake, nikasimama mbele yake kama mtu aliyekuja kuomba moto. Yeye akaendelea kupepeta korosho kwenye ungo kana kwamba aliyeingia ni mbuzi wa jirani.

"Mama Flora," nikasema, "siku hizi hapa mgeni hapokelewi?"

"Mtu hupokelewa," akajibu bila kuinua uso. "Wewe sijajua bado kama ni mtu."

Nikatua kikapu mwenyewe. Yasinta ni dada wa Ladislaus, na Ladislaus ndiye aliyemwoa binti yangu Scholastika. Scholastika alifariki akatuachia mtoto mmoja, Yuliana. Kwa huyo Yuliana mimi ni bibi mzaa mama na Yasinta ni shangazi, na kabla ya mwaka ule mimi na Yasinta tulikuwa tukipeana mbegu za kunde na kucheka pamoja misibani. Sasa alikuwa amenitumia salamu kwa dereva: "Mwambie yule kibibi wa Mkunya aje achukue uchawi wake." Dereva wa watu alizifikisha huku anatazama vidole vya miguu yangu, maskini, asije akakutana na macho yangu.

Yuliana alikuwa ameketi kwenye ukingo wa baraza, kajifunga khanga mpaka shingoni. Alinyanyuka taratibu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Koti lako liko wapi?"

Akamtazama shangazi yake.

"Lile gamba?" Yasinta akauweka ungo chini. "Liko ghalani. Kesho mjomba wake akifika tutalichoma mbele ya watu. Njoo, njoo uone kazi yako."

Akamvuta mtoto, akaishusha khanga bila hata kumwonea haya. Kuanzia chini ya shingo mpaka kwenye maziwa yake machanga ngozi ilikuwa imebabuka. Pengine malengelenge, pengine weusi unaobanduka kama ngozi ya kiazi kilichoungua. Na juu ya hayo yote bega la kulia limepanda, la kushoto limeshuka, kama siku zote.

"Limemla," Yasinta akasema. "Nawe ndiye uliyemvisha. Kwanza umempinda mgongo, halafu ukamletea gamba la kuficha. Mtoto halimi mchana, mgongo unapinda. Kwa nini upinde? Analima usiku! Shamba la nani? Nani kule Mkunya ambaye palizi yake inakwisha wenzake hata hawajaanza?"

Kwetu huku juu uwandani, bibi akiambiwa anamlimisha mjukuu wake usiku akiwa usingizini, hilo si tusi la kugombana kisimani likaisha. Hilo hukaa. Watoto hufundishwa wasipokee kitu mkononi mwako. Ukipita, wenye mimba hufunika matumbo. Nami nilijua kwamba nikijibu kwa hasira atasema, umeona alivyo mkali, na nikinyamaza atasema, umeona hana la kujibu.

Nikamfunika mtoto khanga. "Kesho mjomba wake Dastani akifika tutasema," nikamwambia. "Leo nipe maji nimwogeshe mjukuu wangu."

"Maji yako Mkunya," akasema. "Kachote."

Anajua vizuri Mkunya hakuna maji! Mashine ya kusukuma maji ikiharibika tunateremka bondeni na ndoo na kupanda nazo. Na ni hayo maji yaliyonionyesha ugonjwa wa mtoto mwanzoni kabisa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa ya biashara, malori ya wanunuzi binafsi yameshaanza kuingia vijijini kugombea korosho na kila njia panda ina mwanamke na sinia lake. Yuliana alikuwa amebakiza kidogo kumaliza shule ya msingi na alikuwa akirefuka kama muhogo wa mvua. Akirudi kutoka bondeni na ndoo kichwani, gauni lake lilikuwa limelowa upande wa kushoto tu. Kila siku kushoto. Nikamgombeza kwamba anacheza njiani. Kisha nikaona khanga yake inamteleza bega hilohilo. Halafu asubuhi moja aliinama kufagia uwanja, nikaona ubavu wa kulia umetokeza nyuma kama mtu aliyeficha kibuyu ndani ya blauzi.

Mimi na yeye tuna mchezo wetu wa vitendawili tangu hajaota meno ya mbele. Siku ile nilimwambia asimame, nikapitisha kidole mgongoni kwake, mfupa baada ya mfupa, na kidole changu hakikwenda sawa.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina shanga nimezaliwa nazo, watu wote wanaziona isipokuwa mimi."

Akafikiri. "Nimeshindwa, Bibi. Chukua mji."

"Naenda Newala, nakula, nanywa, narudi. Ni mgongo. Na shanga zako, mjukuu wangu, zimekaa vibaya kwenye uzi."

Tukashuka mpaka hospitali ya misheni. Daktari akamwinamisha, akampiga picha. Ulipofika msimu wa fundi wa viungo bandia, Isaka, kijana wa kutoka Moshi, tukarudi. Alimzungushia plasta ya maji kiwiliwili chote kama anakandika nyumba, akaikata, na baadaye akatuletea koti lililofuata mwili wake: plastiki ngumu, nyeupe, inafungwa nyuma kwa mikanda mitatu, ndani ina mito ya kusukuma pale penye nundu.

"Bibi," Isaka akaniambia, "nisikudanganye. Hili halinyooshi. Hili linazuia. Mgongo wake una kona mbili, kama barabara ya kupanda Newala. Mtoto akirefuka haraka kona nazo zinakolea. Tukizishika mpaka amalize kurefuka ataishi nazo salama. Tukiziacha, baadaye mbavu zitamkaba pumzi."

Nikamuuliza nani kasababisha. Ni ndoo? Alilala vibaya? Nilimbeba vibaya mgongoni alipokuwa mchanga?

"Hakuna aliyekosea," akasema. "Watoto wengi wa umri huu, hasa wasichana, inakuja tu. Sababu haijulikani."

Jibu lile lilinipa amani siku moja tu. Kumbe nililibeba nyumbani kama kibiriti kwenye paa la nyasi. Ukiwaambia watu kwamba sababu haijulikani, wao wanaijua.

Masharti yalikuwa mengi. Alivae mchana na usiku, alivue kwa kuoga na mazoezi tu. Chini yake avae fulana ya pamba isiyo na mikunjo, safi kila siku. Asijipake mafuta pale linapokaza. Wekundu ukimtokea kwenye mito na usiondoke, arudi haraka. Na kila baada ya muda Isaka amwone, maana mtoto anakua na koti halikui. Kutoka Mkunya gari ni la kubahatisha, mvua zikinyesha ndiyo kabisa. Ladislaus naye alikuwa Tunduru akichimba mawe ya rangi kama nusu ya wanaume wa wilaya. Akatuma neno kwamba mtoto akae kwa shangazi yake Lukuledi, aende hospitali kwa urahisi. Nikakubali, na Yasinta akampokea kwa ngoma mdomoni, "mwanangu huyu, mwanangu huyu." Sikuona ubaya wowote. Ulikuwepo wapi?

Basi asubuhi iliyofuata nilichota maji mwenyewe, nikamwingiza Yuliana bafuni, pale penye ua wa makuti. Nilimmwagia polepole kwa kata. Alikuwa akiuma khanga asipige kelele.

"Huku nyuma panauma?" Nikamgusa kwenye nundu, pale ambapo mto wa koti husukuma.

"Hapana, Bibi."

"Na hapa kiunoni, kwenye mkanda?"

"Hapana. Mbele tu. Na shingoni."

Nikamgeuza kwenye mwanga. Na kweli. Pale koti linapokaza ngozi ilikuwa nzima, nyororo, nyeusi nzuri. Vidonda vilianza kwenye shingo, vikateremka kifuani kwa michirizi, kama uji uliofurika mdomoni mwa chungu ukashuka. Kitu cha kumbana mtu hakiachi michirizi. Kinachochirizika ni maji.

"Yuliana, shangazi yako alikuwa anakupa kazi gani?"

"Hakuwa ananitesa, Bibi." Mtoto ana moyo mwema, alianza kwa kumtetea. "Alisema kama siwezi kubeba ndoo wala kushika jembe, basi nibangue korosho. Akichoma yeye, mimi nabangua, Flora anapeleka stendi kwenye mabasi."

"Unabangua umeketi wapi? Na hilo koti unainamaje?"

"Siwezi kuinama. Shangazi alinigeuzia kinu juu chini, akakiweka juu ya benchi. Nagonga hapa." Akaonyesha chini ya kidevu chake.

Nikakaa juu ya jiwe la bafuni na kata mkononi.

Kama hujawahi kubangua korosho nikueleze. Ganda lake lina mafuta. Ukiichoma yanawaka, yanaruka, na ukiigonga kabla hayajakauka vizuri yanakurukia meusi mazito kama lami, na popote yanapotua yanababua. Kwa hiyo mbanguaji huketi chini, kazi iko mbali na uso, kati ya miguu, na pembeni ana kigae cha majivu. Kila mara anachovya mikono kwenye majivu ndipo ashike korosho. Mtoto wa kike huku anajua hayo kabla ya kujua kusuka nywele. Lakini nani amewahi kubangua akiwa na koti la plastiki lisilomruhusu kuinama? Wakampandishia kazi mpaka kidevuni. Yale mafuta yakawa yanaruka, yanaingia kwenye shingo ya koti, yanateremka ndani. Mle hakuna upepo, kuna jasho na fulana, na plastiki imeyafungia humo mchana kutwa.

"Na fulana ulikuwa unabadili kila siku?"

"Nilikuwa nazo mbili. Moja Flora aliivaa, ikachanika. Iliyobaki nilikuwa naifua Jumamosi."

"Iko wapi?"

Ilikuwa chini ya kitanda, imeviringishwa. Fulana ya mtumba, nyeupe ya zamani, na maandishi ya Kizungu kifuani. Kutoka kwenye ukosi mpaka tumboni ilikuwa na madoa meusi ambayo sabuni isingeyatoa hata kwa dawa. Niliinusa. Nimezeeka na harufu hiyo.

Nikaifunga kwenye khanga yangu. Sikumwambia mtu.

Dastani alifika jua limeshapanda, kwa baiskeli kutoka Chidya. Ni mwanangu wa kwanza, mjomba wa Yuliana, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake. Yasinta asingeweza kulichoma koti bila yeye. Ndiyo sababu alimwita. Aliniamkia vizuri, lakini macho yake yalikuwa yanatafuta pa kutua. Akanivuta kando ya ghala.

"Mama, niambie kweli."

"Kweli ipi?"

"Watu wanasema."

"Watu wana majina, Dastani. Nitajie mmoja."

Akakuna ndevu. "Yale mashamba, Mama. Kweli unawahi sana kumaliza palizi."

Yasinta kunitukana nilivumilia, si damu yangu. Lakini huyu nilimnyonyesha. Nikamwambia, "Nawahi kwa sababu naamka. Wewe ulipokuwa mdogo ukiniona naondoka na jembe nyota zingali juu, ulikuwa ukilia unifuate. Umesahau, au nawe ulikuwa unalima usingizini?"

Tukarudi uani.

Mzee Mrisho, balozi wa nyumba kumi, alikuwa ameshaketi kwenye kiti chenye mgongo. Majirani nao walikuja, kila mmoja na kisingizio chake: huyu ameleta ungo, yule anaulizia kuku aliyepotea. Yasinta akalitoa koti ghalani, akalitupa katikati ya uwanja. Likalia ko! kama debe. Likalala pale chali, na mikanda yake imetawanyika, na kuku akalikwepa. Karibu yake moto wa kuchomea korosho ulikuwa umeshawashwa.

"Mimi sina maneno mengi," akasema, na akaanza maneno mengi. Alisema alimpokea mtoto kwa moyo mweupe. Alisema watu wa mabasi wanacheka: kule kwa Mama Flora kuna binti kobe. Alisema wenzake Yuliana wanaingia ngoma ya unyago msimu ujao, je, yeye atachezwa na gamba? Nani atamwoa mke wa kugongwa kama mlango? Watu wakacheka. Yuliana akainamisha kichwa. Mwili haukuinama, mwili wake haujui, kichwa tu.

"Na wote mmeona vidonda," akaendelea. "Hospitali inatoa dawa ya kuponya. Hospitali gani inatoa dawa ya kubabua? Hili limepita mikononi mwa huyu bibi kwanza. Amelitilia vitu. Mtoto mwenyewe anasema usiku anaota yuko shambani!"

"Yuliana," Mzee Mrisho akauliza, "unaota hivyo?"

"Ndiyo, mzee," mtoto akasema kwa sauti ndogo. "Naota niko kwa Bibi. Nataka kurudi kwa Bibi."

Wanawake wawili wakaguna. Dastani akatazama chini. Nikaona mambo yanaharibika. Wenye kesi huanza na hoja. Mimi nilichokuwa nacho kinywani ni kile ninachokijua.

"Kitendawili," nikasema.

Yasinta akatoa msonyo mrefu. "Haya, amerukwa na akili. Tumekuja kucheza hapa?"

"Tega," Yuliana akajibu.

"Watoto wa wenzangu hulala ndani ya nyumba. Wangu analala nje, mgongoni mwa nyumba, na ukimgusa anakuchoma."

"Korosho," akasema. Kila mtu analijua hilo, bibo lipo na mbegu yake inaning'inia nje.

"Mzee Mrisho," nikasema, "wewe umebangua korosho tangu wakati wa mkoloni. Msogelee mtoto, utazame kifua chake kwa heshima, halafu utuambie ile michirizi umewahi kuiona wapi. Na hii nguo ndiyo iliyokuwa chini ya koti."

Nikaifungua khanga, nikaitandaza fulana juu ya koti, madoa juu.

Yasinta alisimama kama aliyeumwa na siafu. "Ameitilia mwenyewe! Asubuhi alijifungia bafuni na mtoto! Mnaona? Mnaona? Uchawi mtupu huo, leteni niutie motoni kabla haujatumaliza!"

Akaja mbio kuinyakua. Na kabla ya kuinyakua akainama pembeni ya moto, penye kigae chake cha kila siku, akachovya mkono wa kulia kwenye majivu, akaugeuza, akachovya wa kushoto, akasugua viganja. Ndipo akaishika fulana kwa ncha za vidole, akaiinua mbali na mwili wake.

Alitenda haraka kama mtu anavyofunga khanga inayolegea. Sidhani hata alijua ametenda.

"Mama Flora," Mzee Mrisho akasema taratibu. "Majivu ya nini?"

Yasinta akabaki na fulana inaning'inia. Akatazama mikono yake iliyokuwa myeupe mpaka kwenye vifundo.

"Uchawi unashikwa kwa majivu ya korosho siku hizi?" mzee akauliza. "Au ulijua kilichomo?"

Hakuna aliyecheka. Yule mama aliyeleta ungo akasema "Ee Mungu wangu," akaushika ungo wake kama anataka kwenda nao.

"Nilijua, ndiyo, nilijua!" Yasinta akaitupa fulana chini. "Mlitaka nifanye nini? Mtoto wa watu, yatima, ameungulia kwangu, kwenye kinu changu! Mngesema nini? Mngesema shangazi kamchoma mtoto wa marehemu kwa tamaa ya korosho. Kaka yangu angesema nini? Mimi sikumtuma amwage, nilimgeuzia kinu apate kukaa vizuri! Nilimhurumia!" Machozi yalimtoka, lakini uso ulibaki wa ugomvi. "Na huyu bibi," akaninyooshea kidole cha majivu, "huyu anamaliza palizi kabla ya watu. Hilo halijajibiwa."

"Njoo Mkunya tulime wote," nikamwambia. "Nitakugongea mlango nikiamka. Tutaona mgongo wa nani utauma."

"Sifiki kwako hata kwa mazishi yako."

"Vizuri. Nitakufa kwa amani."

Haya, nisijitie utakatifu. Ndivyo tulivyoachana, maneno hayohayo.

Dastani alinyanyuka. Hakusema samahani, si siku ile wala baadaye, na nimeacha kuisubiri. Aliokota koti, akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake, akapitisha mikanda begani kama mtu anayebeba mtoto.

"Mtoto anapanda Mkunya na bibi yake," akasema, "na koti lake. Siku za hospitali nitamleta mimi."

"Na watu wakisema?" Yasinta akauliza.

"Watu wana majina," Dastani akajibu. Hakunitazama, lakini nilisikia.

Tulipita hospitalini kwanza. Isaka akatugombeza wote, na alikuwa na haki. Alisema ngozi ipone kwanza, na hizo siku za kupona mgongo hauna wa kuushika. Picha ilionyesha kona ya juu imekolea kidogo tangu koti livuliwe na kufichwa. Aliliosha koti kwa spiriti, akang'oa mito iliyokuwa imenyonya mafuta, akaweka mipya. "Kubangua abangue," akasema, "si kosa la kazi. Lakini akiketi juu, kazi iwe chini, kwenye meza fupi, urefu wa mkono. Na hapa shingoni mfungieni kitambaa."

Nilimfungia kipande cha khanga. Alipopona akavaa tena, akalia siku za mwanzo, akazoea. Lile koti likawa dogo, akatengenezewa jingine. Alipoacha kurefuka Isaka alimvua taratibu, kwanza mchana, kisha na usiku. Mgongo haukunyooka, kama alivyotuambia. Una kona zake mpaka leo na bega la kushoto limeshuka. Akishona gauni hupunguza pindo upande mmoja na wala hamwambii fundi cherehani sababu. Lakini anapumua, anapanda kutoka bondeni anaimba. Alichezwa ngoma na wenzake akiwa bado ndani ya gamba, na somo wake akalipamba kwa ushanga ili wenzake wakome kucheka. Hawakukoma wote.

Yasinta hajawahi kukanyaga kwangu. Ladislaus aliporudi kutoka Tunduru na mikono mitupu, kwanza alipita kwa dada yake, kwa hiyo akaja kwangu ameshashiba maneno, akanisalimia akiwa amesimama. Kanisani, sikukuu zikitukutanisha, Yasinta hukaa benchi la upande wa pili na Flora wake. Na hapa Mkunya, mvua za kwanza zikinyesha, nikipita na jembe wako wanaonyamaza mpaka nimepita. Mwaka jana mke wa jirani alimwita mwanawe aliyekuwa akielekea kwangu kupokea muhogo wa kuchoma. Muhogo ule niliula mimi, ukiwa mtamu vilevile.

Msimu wa korosho uliofuata ugomvi ule, Yuliana alikuwa ameketi kwenye kigoda kirefu na meza fupi mbele yake, koti limemkaza, kitambaa shingoni, mikono myeupe kwa majivu. Nilikuwa nachoma mimi. Akaniita bila kugeuka, maana kugeuka ilikuwa kazi.

"Bibi! Kitendawili!"

"Tega!"

"Ninamjua mtu, mbavu zake ziko nje."

"Nimeshindwa," nikasema, ingawa jibu lilikuwa limeketi mbele yangu. "Chukua mji. Utaenda mji gani?"

"Lukuledi," akasema. "Nikafika uani kwa Shangazi, nikasimama mlangoni mpaka akaniamkia yeye."

"Yeye akuamkie wewe? Adabu gani hiyo?"

"Basi asiniamkie," akasema, akagonga korosho. "Mimi nitamwamkia. Lakini hizi mbavu zangu za nje, lazima azitazame."